Kilengeo cha doti nyekundu kwa bastola inayovaliwa Pwani

Kilengeo cha doti, kile kifaa cha kulengea kinachofungwa juu ya bastola, kikidumu miaka mitatu Nairobi hakijathibitisha kitu kwa mtu wa Malindi. Huku hewa yenyewe ina chumvi, na mwenye leseni huivaa bastola kiunoni chini ya shati lililolowa jasho tangu asubuhi. Lamu ni zaidi: kutoka Mokowe kwenda kisiwani ni boti, na kusi likivuma manyunyu hayachagui abiria. Ukipanda matuta ya Shela au ya Mambrui, mchanga nao hupenya kila tundu.

Kabla ya kutoa pesa, uliza Bodi ya Leseni za Silaha kama unaruhusiwa kukifunga kilengeo kwenye silaha yako na kukiingiza nchini, na jibu ulipate kwa maandishi. Kifurushi kikishazuiliwa forodhani, huo si wakati wa kuanza kuuliza.

Sasa kifaa chenyewe. Ndani yake mna taa ndogo ya LED inayotupa mwanga kwenye lenzi ya mbele, nayo lenzi inaurudisha jichoni kama doti. Katika kilengeo cha wazi, mfano Trijicon RMR au Holosun 507C, taa hiyo imekaa nyuma bila kifuniko, na mwanga wake unapita hewani. Tone moja la maji, nyuzi za shati au chembe ya mchanga ikitua juu ya taa, doti inatawanyika au inapotea kabisa. Kufuta lenzi hakusaidii. Inabidi uingize kijiti cha pamba hadi kwenye kona ilipo taa. Kilengeo kilichofungwa pande zote kina kioo mbele na nyuma, na taa iko katikati, haiguswi na kitu. Kikilowa, unapitisha kidole gumba au pindo la shati, basi.

Kwa hiyo kwa Pwani hatusitisiti: nunua kilichofungwa. Aimpoint ACRO P-2, Holosun 509T, Holosun EPS na Trijicon RCR ni vya aina hiyo. Ni vizito kidogo na dirisha lake huonekana dogo, lakini utazoea dirisha dogo. Doti iliyozimwa na maji hutaizoea.

Soma alama ya kuzuia maji kwa makini. IPX7 maana yake kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30, tena katika maji matamu. Haisemi lolote kuhusu chumvi inayokauka juu yake kila siku. ACRO P-2 imepewa kina cha mita 35. Hutapiga mbizi nayo, ila kina hicho kinakuonyesha mpira wa kuzibia umebanwa vipi. Gamba zuri ni la aluminiamu ya 7075 au la titani kama la 509T. Titani haishiki kutu. Aluminiamu nayo hustahimili, isipokuwa pale inapogusana na skrubu ya chuma penye maji ya chumvi: hapo aluminiamu ndiyo inayoliwa, polepole, chini ya skrubu usikokuona.

Vile vya bei ya kutupa vilivyotengenezewa bastola za kuchezea, achana navyo. Slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, hurudi nyuma na kusimama ghafla kila risasi, na mshtuko huo hulegeza nyaya na vigusio vya betri. Doti huanza kupepesa, kisha huzimika.

Betri iwe ya kubadilishwa kwa pembeni au kwa juu. RMR ya kawaida betri yake iko chini, maana yake kila ukibadilisha unafungua kilengeo chote na kwenda kuhakikisha shabaha upya. Kuhusu saa 50,000 zinazoandikwa kwenye boksi: hiyo ni karibu miaka mitano na miezi minane kwenye mwanga wa kadiri, si mwanga unaohitajika jua la saa saba. Badilisha kila mwaka. Mtu wa Lamu na abadilishe kila Maulidi, hatasahau. Betri bapa za CR2032 za bandia zimejaa madukani, kwa hiyo ipime kwanza kwa mita: mpya ikisoma chini ya volti 3, irudishe.

Ukubwa wa doti hupimwa kwa MOA, yaani dakika ya pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa mita 25, MOA 1 ni kama milimita 7. Doti ya MOA 2 itafunika sentimita 1.5 hivi, ya 3.25 sentimita 2.4, ya 6 sentimita 4.4. Kwa bastola ya kujilinda, 3 hadi 6 hupatikana haraka na jicho. Ukiiona kama nyota yenye miiba, zungusha kilengeo mkononi kabla hujakifunga. Miiba ikizunguka nacho, kasoro ni ya kifaa. Ikibaki palepale, nenda kapime macho.

Mwanga uwe wa kurekebishwa kwa mkono. Mwanga wa kujirekebisha wenyewe hufuata mahali ulipo wewe, si unapolenga. Ukisimama ndani ya daka lenye giza ukitazama ukuta wa chokaa uliopigwa na jua, doti itafifia isionekane. Iweke kwa ukuta huohuo saa sita mchana, kisha iache hapo.

Kufunga ndiko kunakoharibu vingi. Toa magazini, kagua chemba mara mbili, ondoa risasi zote katika chumba unachofanyia kazi. Hakikisha bamba la kufungia kilengeo kwenye slaidi linalingana na nyayo zake, yaani mpangilio wa matundu ya skrubu, kwani ACRO na RMR hazilingani. Safisha skrubu na matundu kwa spiriti, ukaushe. Jaribu urefu wa skrubu kabla ya gundi: kwenye bastola za Glock, skrubu ndefu mno ya upande wa kulia hugusa sehemu za kitoa ganda, na bastola inaanza kukwama huku ukilaumu risasi. Tia tone moja la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee, lisiwe zaidi, maana ikimwagika huingia ndani. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kama mtengenezaji alivyosema. Mara nyingi ni Nm (nyutoni-mita) 1.4 hadi 1.7. Mkono mtupu hukata skrubu hizi ndogo. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye gamba, ili ikilegea uone, kisha acha saa 24.

Uwanjani, piga risasi tano mita 25 ukiwa umeegemea. Ikiwa kundi la matundu liko sentimita 4 kushoto na kila mbofyo wa skrubu ya kurekebisha doti ni MOA 1, sogeza kulia mibofyo sita, upige tano nyingine. Baada ya risasi mia za kwanza, tazama ile mistari.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, vioo vitapata ukungu kwa dakika kadhaa. Hata kilichofungwa hakikwepi hilo, kwa nje. Nishani za chuma zilizo ndefu, yaani vilengeo vya kawaida vya bastola vinavyoonekana kupitia dirisha la kilengeo, zisitolewe: doti ikizimika, utalengea kwa hizo. Kila wiki kipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu na ukikaushe, ila puliza mchanga kwanza au utakwaruza lenzi. Mafuta kidogo juu ya vichwa vya skrubu, na kamwe yasifike kwenye kioo.