Jaji Ameandika "Yai": Namna ya Kusoma Karatasi ya Dresaji na Kuifanyia Kazi

Majaji wa dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi apite miduara na mistari iliyopangwa, huku jaji akitoa alama) wana sifa ya ulimi mkali, na sababu kubwa ni muda. Testi ya wanaoanza huchukua kama dakika tano. Ndani ya dakika hizo jaji aliyekaa C (herufi iliyo katikati ya upande mfupi wa uwanja, mkabala na A unapoingilia) anatakiwa kutoa namba na sababu kwa kila kipengele, kabla kinachofuata hakijaanza. Anamtamkia karani aliye pembeni yake, naye karani anaandika mbio mbio. Hivyo maelezo marefu kuhusu mduara uliobonyea upande mmoja hugeuka kuwa neno moja: yai. Mara nyingine hata neno hakuna, yai limechorwa tu kando ya 5. Ukicheka ni sawa, lakini neno hilo lina habari nyingi kuliko "vizuri" aliyoandikiwa mwenzako.

Kwanza mrudishe farasi, mpooze, mpe maji. Karatasi isomwe baadaye, ukiwa umekaa. Ukiisoma huku umeshika hatamu, utamlaumu farasi.

Namba kwanza, maneno baadaye

0 maana yake hukukifanya kipengele kabisa. 4 ni haitoshi, 5 ni ya kuponea chupuchupu, 6 inaridhisha, 7 ni nzuri kiasi, 8 nzuri, 9 nzuri sana, 10 bora kabisa. Nusu alama zinaruhusiwa. Usizipime kwa macho ya ripoti ya shule, ambako mtoto akileta 62 nyumbani hakukaliki. Rekodi ya dunia ya dresaji ya muziki, aliyoiweka Charlotte Dujardin na farasi Valegro jijini London Desemba 2014, ni asilimia 94.3. Kwa mtu anayepanda Jumamosi na Jumapili pale Munyonyo, Kampala, 62 ni kazi ya heshima.

Kisha linganisha namba na neno lililo kando yake. Neno kali kando ya 6.5 ni habari njema: jaji ameona kitu kizuri na kimemuudhi kuona kinapotea. Neno "inasikitisha" huandikwa mahali ambapo kipengele kilikuwa kinaelekea 7, farasi akavunja mwendo katikati. Cha kuogopa ni upole. "Jitihada nzuri" kando ya 4, au "farasi mzuri" peke yake chini ya karatasi, maana yake jaji ametafuta cha kumsifu mpandaji akakikosa.

Chukua kalamu za rangi nne. Moja ipigie mstari maneno yote ya umbo la njia (yai, nyoka, kona imekatwa, umechelewa). Ya pili, mabadiliko ya mwendo. Ya tatu, hali ya farasi: haraka, mzito mbele, pua juu, mkia. Ya nne, wewe mwenyewe. Rangi iliyojaa ndiyo kazi ya mwezi. Zikilingana, anza na umbo, kwa sababu farasi wa shilingi milioni mbili na farasi wa milioni hamsini wana uwezo sawa wa kuzunguka mduara wa mita 20. Tuseme testi ina alama 220 na ulipata 134.5, yaani asilimia 61.14. Ukipandisha vipengele vinne vya mduara kutoka 5 hadi 6.5, unaongeza alama 6 na kufika 63.86, bila kubadilisha chochote katika mwendo wa farasi.

Yai na nyoka

Wengi wanafanyia mazoezi kwenye nyasi zisizo na alama, halafu wanashangaa uwanja wa mashindano ukiwaumbua. Pima wako. Uwanja mdogo ni mita 20 kwa 40. Tumia tepu ya mita 50, na hakikisha pembe kwa kupima kona hadi kona: kila mshazari uwe mita 44.72. Usipolingana, umejenga kisanduku kilicholala na miduara yote itakudanganya. Herufi za uwanja ziandike kwa rangi kwenye jerikani za njano za lita 20, utie mchanga nusu ili upepo usiziviringishe miguuni mwa farasi. Ukiwa A unatazama C, kushoto kwako ni K, E, H na kulia ni F, B, M. K, F, H na M zikae mita 6 kutoka kwenye kona. E na B katikati kabisa, mita 20.

Sasa mduara wa mita 20 unaoanzia A. Unagusa A, unagusa pande ndefu mita 10 kutoka kwenye kona (yaani mita 4 baada ya kupita K au F), na unapita X (katikati kabisa ya uwanja). Hauingii kwenye kona. Yai la kawaida huzaliwa hapo: mpandaji analenga K na F kwa sababu ndizo anazoziona, kisha anavuka X kwa mita mbili tatu kufidia. Chomeka kigingi kwenye mstari wa kati, mita 10 kutoka A, funga kamba ya mita 10, zunguka nayo ukimwaga maranda. Usitumie chokaa, inaunguza macho na ngozi. Panda juu ya mstari huo kwa kutembea, kisha troti (mwendo wa mbio za polepole), kisha ufagie maranda yabaki mafungu manne tu.

Ukiwa na yai upande wa kushoto na wa kulia, kosa ni macho yako: unatazama masikio ya farasi badala ya fungu linalofuata. Yai likitokea upande mmoja tu, hasa ule ulio karibu na lango au banda, ni farasi anayetorosha bega kwenda nyumbani. Hapo usivute hatamu ya ndani. Shingo itakunja, bega litazidi kutoka. Mshike kwa hatamu ya nje na mguu wako wa nje. Na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, nyasi za Kampala huteleza kiasi kwamba farasi hubana mduara kwa kujihami. Punguza kasi, mduara uache na ukubwa wake.

Nyoka ni mstari wa kati uliopinda. Jaji wa C yuko mwisho wa mstari huo, kwa hiyo hakuna kinachomfichika. Sababu kuu mbili: umechelewa kugeuka, na unakwenda polepole mno. Ukisubiri ufike A ndipo ugeuke, umekwishapita. Anza kugeuka karibu na K, kama nusu ya mduara wa mita 10, utatua kwenye mstari karibu na D (kwenye mstari wa kati, baina ya K na F), ukiwa umenyooka. Kisha mtazame jaji machoni na umsukume farasi mbele. Ni kama baiskeli: ikienda taratibu sana, usukani huyumba.

Kusimama pale X kuna alama za bure zinazotupwa kila wikendi. Miguu minne iwe mraba, na farasi atulie sekunde tatu. Ukiandikiwa "mguu mmoja umesahauliwa nyuma", ulimsimamisha kwa mkono. Kaa wima hatua chache kabla, bana miguu kidogo, mikono iache kufuata mwendo wa kichwa, basi. Salamu: hatamu zote mkono mmoja, mkono mwingine unyooke chini, inamisha kichwa, rudisha hatamu mikono miwili, ndipo uondoke. Nyumbani simama popote isipokuwa X, la sivyo farasi ataanza kujisimamisha mwenyewe akifika hapo.

"Anahitaji msukumo", halafu "haraka"

Hapa ndipo wapandaji wengi humwona jaji kigeugeu. Mashindano ya kwanza anaandikiwa "hana msukumo". Anapiga teke mwezi mzima. Mashindano ya pili: "Haraka! Anakimbia." Majaji wote wawili walikuwa sahihi. Kasi ni miguu kwenda upesi; msukumo ni nguvu ya miguu ya nyuma kupita mgongoni na kuubeba mwili. Farasi anayekimbia huzitupa nguvu zake mbele, mabegani, na ndiyo maana neno "mzito mbele" huwa linafuata.

Kipimo ni rahisi. Katika troti ya kuinuka na kukaa, hesabu mara unazoinuka kwa sekunde 30 na uandike. Omba nguvu zaidi, hesabu tena. Namba ikipanda, umepata haraka. Namba ikibaki ile ile huku unahisi unarushwa juu zaidi, umepata msukumo. Kwenye mchanga uliosawazishwa kwa reki tazama nyayo: katika kutembea kwa hatamu ndefu, kwato ya nyuma itue mbele ya alama ya kwato ya mbele ya upande ule ule. Isipofika, farasi analegea, mgongo umekaza, au ardhi ni ngumu. Murram iliyokauka hufupisha hatua za farasi mzima kabisa, na hakuna mguu wa mpandaji utakaoponya hilo.

Zoezi: troti hatua 10 hadi 12, kutembea hatua tatu au nne, troti tena. Rudia mara sita kila upande. Kila unapoomba troti, mguu mara moja, mwepesi. Asipojibu, mguse kwa fimbo nyuma tu ya mguu wako, mara moja, na mikono imruhusu aende hata akiruka kidogo. Kinachoharibu zoezi hili ni teke la kila hatua. Baada ya wiki mbili farasi halisikii tena. Farasi aliyeanzia mbio za Ngong, Nairobi, huja na tatizo tofauti: amefundishwa kuegemea lijamu na kwenda. Ukivuta, anaelewa "kaza mwendo". Kwake hatamu inashikwa na kuachiwa, inashikwa na kuachiwa.

Kama zamu yako ni saa saba mchana, kupasha misuli moto dakika 20 kunatosha. Wenye kufanya saa nzima juani huingia uwanjani na farasi aliyekwisha, kisha wanaandikiwa "amelala".

Pua, mkia na kaloli

"Pua juu" na "pua nyuma ya mstari wima" ni ndugu, mara nyingi mama yao ni mkono mmoja: jaji wa kwanza alilalamikia pua juu, mpandaji akaivuta chini. Kabla ya mkono, kagua vifaa. Lijamu ya pete isibane mdomo. Iache kama nusu sentimita kila upande. Daktari wa mifugo atazame meno. Tandiko la klabu linalozunguka kwa farasi watatu haliwezi kuwakaa wote watatu.

"Mkia!" huandikwa farasi anapoupigapiga, dalili ya kukerwa. Kwetu kuna nzi pia, na jaji hawezi kuhojiana na nzi. Tofauti iko hapa: mkia wa nzi hupiga ubavu mara moja na kutulia, mkia wa hasira hupiga kila mguu wako unapogusa. Paka dawa ya nzi kabla ya kupanda, ujue umebaki na upi.

Jaji hutoa alama kwa anachokiona. Kaloli (yule ndege mkubwa wa jalalani) aliyetua juu ya uzio nyuma ya M na boda iliyopiga honi havipunguziwi bei. Fika mapema, tembeza farasi kandokando ya uwanja pande zote mbili. Mahali panapomtisha mgeuze kichwa kidogo kuelekea ndani, usimlazimishe kutazama. Baada ya kengele una sekunde 45 za kuingia, na hizo zinatosha kupita mara nyingine mbele ya kibanda cha jaji.

"Abiria" ni wewe. Umebebwa, huongozi. Dawa ni dakika 15 za kamba ndefu bila vikuku (vyuma vya kukanyagia), mwalimu akishika kamba, mara mbili kwa wiki, na hakuna njia ya mkato. "Mikono ina shughuli nyingi" hutibiwa hivyo hivyo, kwa sababu mkono husumbuka pale makalio yasipotulia.

Ukiona umeonewa

Usiende kwenye kibanda cha jaji. Kagua kwanza hesabu: vipengele vyenye kizidishi cha 2 vimezidishwa? Makosa ya njia yamekatwa sawasawa? Kanuni nyingi za ngazi za chini hukata alama 2 kosa la kwanza, 4 la pili, la tatu unatolewa. Kosa la hesabu hurekebishwa kwa katibu wa mashindano. Maoni hayakatiwi rufaa.

Kisha linganisha na wa daraja lako siku hiyo. Kama wote walipata 5 kwenye kutembea kwa hatamu ndefu, jaji ni mkali na nafasi yako kwenye orodha ndiyo ya kuangalia. Asilimia za majaji wawili tofauti hazilinganishwi. Mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa C, kwa urefu wa mtu aliyekaa. Video za pembeni huonyesha hatua na pua lakini huficha nyoka wote. Na kabla ya kurusha karatasi kwenye kundi la WhatsApp ili watu wacheke, kumbuka mwandiko ni wa karani, ambaye huenda yumo kundini.

Bora zaidi, jitolee kuwa karani. Andika namba kwanza, maneno baadaye, kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba. Ukipotea sema mara moja ni kipengele gani, usikisie. Usizungumze wakati testi inaendelea, na usitoke na siri za kibanda. Namba iliyosahihishwa lazima jaji aweke herufi zake pembeni, kwa hiyo mpelekee karatasi kabla mpandaji anayefuata hajapigiwa kengele.