SOMO: Kambi ya mtumbwi kando ya Rufiji, kuanzia kijiji cha Mloka kushuka

Somo hili ni la Juni hadi Oktoba, maji yakiwa yamepungua na mafungu ya mchanga yameibuka. Mkiingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kibali na askari wa hifadhi vitangulie.

1. Mzigo. Abiria wawili na mpiga pondo (anayesukuma mtumbwi kwa mti mrefu) mmoja kwa kila mtumbwi. Vizito vikae katikati, chini kabisa; ukirundika omoni, yaani mbele, mtumbwi unakunywa maji. Bebeni dumu la lita 20 la maji ya kunywa, kamba mita 15, viroba vitupu 8 na upo, yaani chombo cha kutolea maji yaliyoingia mtumbwini.

2. Njiani. Ondokeni saa mbili asubuhi, viboko wakiwa wamesharudi mtoni. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, basi piteni upande wa maji mafupi, msimzibie njia. Gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kafi: aliyezama huibuka kutazama, nanyi mtajua alipo.

3. Mahali pa kulala. Hapa msiharakishe, ndipo usalama wote ulipo. Fikeni saa kumi jioni, kabla viboko hawajatoka kula. Kagueni ukingo hatua mia kila upande. Njia ya kiboko ina mifereji miwili sambamba na tuta la majani katikati, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana. Mkiiona, hameni, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Mchanga wenye alama za tumbo na mkia ulioburutwa ni kituo cha mamba. Tazameni pia takataka zilizonasa vichakani: maji yaliwahi kufika hapo. Hema liwe juu ya alama hiyo.

4. Hema. Vigingi havishiki mchangani. Jazeni viroba mchanga, vifungeni kamba za hema, vifukieni nusu mita.

5. Mtumbwi uvuteni nje kabisa, upindueni, ufungeni mtini.

MASWALI

Mkuu, kulala kwenye fungu katikati ya mto si salama zaidi?
– Hapana. Upepo hupunguza mbu, ni kweli, lakini maji yakipanda usiku hamna pa kukimbilia. Rufiji hupokea maji yanayoachiwa kutoka bwawa la Julius Nyerere, kwa hiyo mto unaweza kujaa bila tone la mvua mlipo. Hata ukingoni, chomekeni kijiti kwenye usawa wa maji jioni na mkiangalie kabla ya kulala.

Maji ya dumu yakiisha, tunachotaje?
– Kwa ndoo yenye kamba, ukiwa umesimama mbali na maji, na kila safari mahali tofauti. Mamba huvizia panapozoeleka. Yaache yatulie, yachuje kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshe.

Moto tuufukie mchanga asubuhi?
– Usifanye hivyo. Makaa hubaki hai chini ya mchanga kwa saa nyingi, na anayefuata akikanyaga pekupeku anaungua. Mwagia maji, koroga, mwagia tena hadi uweze kugusa majivu kwa mkono.