Somo: Ukaazi wa kikodi kwanza, kampuni pili, benki mwisho

Wakuu, wengi wanaoanza biashara ya kuvuka mipaka huanzia benki. Mtu anatafuta akaunti ya dola au euro, anaambiwa hafunguliwi bila kampuni, anakimbilia kusajili kampuni, na kodi anaikumbuka mwaka wa pili barua ikishamfikia. Mimi nawaomba mwende kinyume chake. Anza na wewe mwenyewe: unalala wapi, wenzako wa nyumbani wako wapi, nchi gani ina haki ya kukudai. Hilo likikaa sawa, yanayofuata ni makaratasi tu.

HATUA YA 1: JUA WEWE NI MKAAZI WA WAPI

Ukaazi wa kikodi, yaani kuhesabiwa na nchi kuwa mlipakodi wake, hauendi na pasipoti. Unaweza kuwa raia wa nchi moja, una kibali cha kuishi cha nchi ya pili, na kodi unadaiwa na ya tatu. Marekani ndiyo maarufu kwa kumdai raia wake kodi popote alipo, na Eritrea nayo huwatoza raia wake walio nje asilimia 2 ya mapato. Nchi nyingine karibu zote hutazama unavyoishi.

Kila mtu ameshasikia habari ya siku 183, na hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Siku 183 ni mlango wa kuingilia tu. Ukizifikisha katika nchi, kwa kawaida umeshakuwa mkaazi wake. Lakini usipozifikisha, hujatoka salama, kwa sababu nchi nyingi zina milango mingine pembeni. Kanuni za Uingereza zilizoanza Aprili 2013 zinaweza kumfanya mtu mkaazi kwa siku 16 tu za mwaka, ikiwa aliwahi kuwa mkaazi katika miaka 3 iliyotangulia na bado ana mafungamano ya kutosha huko: familia, nyumba, kazi, na kadhalika. Falme za Kiarabu zinakubali siku 90 kwa mwenye kibali cha ukaazi aliye na makazi ya kudumu, ajira au biashara humo. Ujerumani, nyumba uliyoiweka tayari kwa matumizi yako inatosha kukufunga.

Mchezaji tenisi Boris Becker aliyaona hayo. Alijitangaza mkaazi wa Monaco, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na mahali pa kulala mjini München, na mwaka 2002 mahakama ya huko ikamtia hatiani kwa ukwepaji kodi. Shakira naye aliwahi kusema makazi yake yalikuwa Bahamas. Waendesha mashtaka wa Hispania wakakusanya ushahidi kwamba kati ya 2012 na 2014 alikuwa akiishi kwao, na Novemba 2023 akakubali mashtaka na kulipa faini. Kwa hiyo tunza ushahidi wako mwenyewe: tiketi, mihuri ya pasipoti, mkataba wa pango, bili za umeme.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuondoka bila kufika. Mtu anafunga virago, anaiaga nchi ya zamani kwa maneno, halafu hajengi ukaazi popote. Nchi ya zamani ikimwuliza "sasa wewe ni wa wapi?" hana jibu, na inaendelea kumhesabu wake. Ukihama, hama kweli: toa taarifa ya kuondoka, achia nyumba, jisajili unakokwenda, upate namba ya mlipakodi na, ukishatimiza masharti, hati ya ukaazi wa kikodi. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko maelezo ya saa nzima.

Nchi mbili zikikudai kwa pamoja, tazama kama zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Mikataba mingi inafuata mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri), na kifungu cha 4 cha mfano huo kinauliza kwa mpangilio: makao ya kudumu yako wapi? Kama yapo kote kuwili, kitovu cha maisha yako kiko wapi? Kisha unakaa wapi kwa mazoea? Kisha uraia. Likipatikana jibu njiani, maswali yanaishia hapo. Yakiisha yote bila jibu, mamlaka za nchi mbili zinakaa na kukubaliana.

Kabla ya kuondoka, uliza pia kuhusu kodi ya kuhama. Kanada humchukulia anayehama kana kwamba ameuza sehemu kubwa ya mali zake siku ile ile, na inatoza faida hiyo.

HATUA YA 2: KAMPUNI

Kampuni nayo ina ukaazi wake, na haukai lazima pale iliposajiliwa. Mwaka 1906 baraza la juu la Bunge la Uingereza, likikaa kama mahakama, liliamua kesi ya De Beers. Kampuni ilisajiliwa Afrika Kusini, almasi zilichimbwa huko, ofisi kuu ilikuwa Kimberley. Lakini wakurugenzi walio wengi walikuwa London na maamuzi mazito yalifanyika kule. Likasema: inalipa kodi Uingereza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wazo hilo bado lina nguvu katika nchi nyingi. Ukisajili kampuni ng'ambo na wewe ndiye unayeamua kila kitu ukiwa sebuleni kwako, hiyo sebule inaweza kuhesabiwa makao yake. Na hata isipohesabiwa hivyo, nchi yako inaweza kusema unaendesha kituo cha kudumu cha biashara (mahali pa kazi panapoipa nchi haki ya kuitoza kampuni ya nje), au ikakutoza faida ya kampuni ya nje unayoidhibiti hata kabla hujajigawia senti. Kanuni za namna hii zipo katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi.

Tazameni majina yanayotajwa sana.

Estonia ilizindua e-Residency Desemba 2014. Ni kitambulisho cha kidijitali cha kusajili na kuendesha kampuni kupitia intaneti. Hakikupi viza, hakikupi ruhusa ya kuishi, hakikupi ukaazi wa kikodi. Uzuri wake ni kwamba kampuni ya Estonia haitozwi kodi ya mapato kwa faida inayobaki ndani; inatozwa inapoigawa, na tangu 2025 kiwango ni asilimia 22 ya kiasi ghafi, yaani kabla ya kukatwa kodi.

LLC (kampuni yenye dhima yenye ukomo) ya Marekani yenye mmiliki mmoja wa kigeni kwa kawaida haionekani kikodi: mapato yanahesabiwa ni yako. Kama huna biashara inayofanyika ndani ya Marekani, huenda usidaiwe kodi ya mapato kule, ila nchi yako itakudai. Na kuna fomu 5472 ya kuripoti miamala kati ya kampuni na mmiliki wake wa kigeni, inayoambatishwa na fomu 1120 (ritani ya kodi ya kampuni), ambayo lazima iwasilishwe kila mwaka ukiwa umefanya miamala na kampuni yako, hata ule wa kuiwekea mtaji tu. Faini ya kutoiwasilisha inaanzia dola 25,000. Wauzaji wa vifurushi vya usajili hawaitaji fomu hii kwa sauti ya kutosha, na hilo linanikera sana.

Falme za Kiarabu bado zinauzwa kama "hakuna kodi". Kwa mtu binafsi mshahara hautozwi. Kampuni, kwa miaka ya hesabu iliyoanza Juni 1, 2023 au baada yake, inalipa asilimia 9 ya faida inayozidi dirhamu 375,000. Maeneo huru yana asilimia 0 kwa mapato yanayotimiza masharti, na masharti hayo yasome mwenyewe neno kwa neno.

HATUA YA 3: BENKI

Ukifika hapa ukiwa na majibu ya hatua mbili za kwanza, umeshamaliza nusu ya kazi. Benki itataka hati ya usajili, katiba ya kampuni, majina ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni (kwingi ni mwenye zaidi ya asilimia 25), uthibitisho wa anwani, chanzo cha fedha, na mikataba au ankara za wateja. Andika ukurasa mmoja wa lugha nyepesi: unauza nini, kwa nani, pesa zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Ofisa anayekagua faili lako anahitaji kuielewa biashara yako.

Kisha itakuletea fomu ya kujitangaza: wewe ni mkaazi wa kikodi wa wapi, na namba yako ya mlipakodi ni ipi. Fomu hiyo inatokana na CRS, mfumo wa nchi kubadilishana taarifa za akaunti, uliopitishwa na OECD mwaka 2014. Nchi za kwanza zilianza kubadilishana taarifa 2017, na leo zimezidi 100. Salio lako na riba vinafika kwenye mamlaka ya nchi uliyoitaja. Marekani haimo humo, inatumia sheria yake ya FATCA ya mwaka 2010, inayozitaka benki za nje ziripoti akaunti za Wamarekani. Mimi niliwahi kuandika anwani ya wakala wa usajili kama makazi yangu, nikidhani ni jambo dogo. Akaunti ilisimamishwa na wateja wakawa wananiuliza kulikoni. Andika ukweli tangu siku ya kwanza.

Usisahau tofauti ya benki na taasisi ya fedha za kielektroniki (kampuni ya malipo ya mtandaoni isiyo benki). Katika Umoja wa Ulaya amana ya benki inalindwa na bima hadi euro 100,000 kwa kila mteja katika kila benki. Taasisi ya fedha za kielektroniki inatakiwa kutenga pesa zako, lakini bima hiyo haina. Kwa malipo ya kila siku inafaa. Akiba ya mwaka usiilaze huko. Na uwe na akaunti mbili, za taasisi mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi nahamahama, sizidishi miezi 3 popote. Nalipa wapi?

Jibu: Uwezekano mkubwa ni pale ulipotoka, mpaka uoneshe umefika kwingine. Benki nayo itakutaka utaje nchi, na "sina" ni jibu litakaloufunga mlango. Chagua nchi moja yenye masharti unayoyamudu, upange nyumba kweli, uchukue hati.

Swali: Nikikodi mkurugenzi wa huko ng'ambo asaini kila kitu, kesi ya De Beers si imekwisha?

Jibu: Haijaisha, ndugu. Wakaguzi watauliza nani aliamua, na barua pepe zako zitajibu. Mkurugenzi anayesaini alichotumiwa bila kukisoma hakusaidii. Akiwa anaijua biashara, anahudhuria vikao na anaweza kukukatalia, hapo una hoja.

Swali: LLC yangu ina miaka 3 na sijawahi kusikia hiyo 5472. Niifunge kimya kimya?

Jibu: Pole sana. Usiifunge kwanza. Kila mwaka una fomu yake na faini yake, na kuifunga hakufuti ya nyuma. Tafuta mhasibu anayezijua LLC za wageni, mwasilishe za miaka yote kwa pamoja na barua ya kueleza sababu ya kuchelewa. Kujitokeza kabla hujaandikiwa kunakuweka pazuri zaidi.

Swali: Nimekatwa kodi ya zuio asilimia 30 kwenye gawio la hisa za Marekani, na nyumbani wanataka tena. Ni haki?

Jibu: Asilimia 30 ndicho kiwango chao kwa asiye mkaazi ambaye hajadai nafuu ya mkataba. Kama nchi yako ina mkataba nao, jaza fomu W-8BEN, ya kujitambulisha kama mgeni na kudai nafuu hiyo, kwa wakala wako wa hisa kabla ya gawio lijalo. Kwa lililopita, muombe fomu 1042-S inayoonesha makato, uiambatishe na ritani yako ya nyumbani udai kupunguziwa. Nchi nyingi hukubali, ila hupunguza kwa kiwango cha mkataba tu, na ziada unaidai kule ilikokatwa.