Umeshambuliwa mtandaoni? Andika taarifa itakayosomeka hadi Ulaya

Kazi yangu ni kompyuta za nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe. Mwizi wa mtandaoni anaweza kukaa nchi moja, akapitia seva ya nchi nyingine, akamuibia mtu Shangani. Kwa hiyo taarifa yako waandikie watu usiowajua.

Hatua ya 1. Chomoa waya wa mtandao, kata Wi-Fi, lakini kompyuta usiizime. Ukizima tu, yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yamekwenda.

Hatua ya 2. Barua pepe ya ulaghai ihifadhi nzima, kama faili la .eml. Picha ya skrini iliyorushwa WhatsApp haionyeshi seva ilizopitia. Faili lenye virusi litolee alama ya SHA-256, yaani herufi na tarakimu 64 zinazolitambulisha faili hilo. Mtaalamu wa Tallinn, Estonia, atazilinganisha na zake bila kutumiwa virusi vyenyewe.

Hatua ya 3. Saa. Hapa niliharibu mimi. Kijana wa mapokezi aliniambia, "Kaka, ilikuwa saa mbili usiku," nami nikaandika 2:00, basi. Aliyepekua kumbukumbu za seva huko Ulaya akatafuta 02:00, asione kitu. Saa mbili yetu ya usiku ni 20:00, na sisi tuko mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa saa tatu: andika 17:00 UTC. Tarehe nayo iangalie. Saa saba usiku ya kuamkia tarehe 5, kwa UTC bado ni 22:00 ya tarehe 4.

Hatua ya 4. Weka alama ya TLP, inayoeleza taarifa inaruhusiwa kusambazwa hadi wapi. Wengi wetu kwa woga tunabandika TLP:RED, na taarifa inaishia kwa aliyeipokea. Majina na pasipoti za wageni yatoe kabisa. Anwani za IP na alama za faili zipe TLP:GREEN ziweze kuvuka mpaka.

Hatua ya 5. Tuma TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Timu za namna hii huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Jumuiya yao, FIRST, ipo tangu 1990. Estonia iliposhambuliwa 2007, timu yake ilisaidiwa na wenzao wa nje, Finland wakiwemo, na mwaka uliofuata kituo cha ulinzi wa mtandao kinachotambuliwa na NATO kikaanzishwa Tallinn. Sisi si wa NATO, ila taarifa huandikwa vile vile. Polisi karipoti pia: kesi ina njia yake, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na haina haraka.

Ukishatuma, simu isikae mbali. Watakupigia kuuliza saa.