Kabla hujaamini cheti cha mbao

Muuzaji akikutolea cheti cha FSC (Forest Stewardship Council, shirika la kimataifa la vyeti vya misitu inayosimamiwa vizuri), nembo iache kwanza. Tafuta namba ya cheti. Ikiwa na FM/COC, mwenye cheti anasimamia msitu wenyewe. Ikiwa na COC peke yake, yaani cheti cha mnyororo wa umiliki, yeye ni wa kati: anapasua, anauza au anatengeneza. Namba hiyo iingize kwenye kanzidata ya FSC mtandaoni, utaona kama cheti kiko hai au kimesitishwa, na kinahusu miti gani. Cheti cha paina hakikusaidii kununua mninga.

Kinachoangusha wengi ni huo mnyororo wa mikono ambamo mbao hupita. Mimi nina karakana Kizota, hapa Dodoma, na paina inayotufikia kutoka Mafinga kwa njia ya Mtera mara nyingi imeshapita kwa madalali. Msitu unaweza kuwa safi kabisa, lakini dalali mmoja asiye na cheti akiimiliki hiyo mbao njiani, anayefuata hana haki tena ya kuiuza kama ya FSC. Kwa hiyo dai invoisi iliyoandikwa "FSC 100%" au "FSC Mix" pamoja na namba ya cheti cha huyo anayekuuzia, si cha shamba alikonunua. Linganisha mita za ujazo na zilizo kwenye TP (Transit Pass) ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. TP yenyewe ni kibali cha kusafirisha. Haikuambii msitu ulivunwaje.

Soma pia muhtasari wa ukaguzi wa msitu wenye cheti, hasa kasoro zinazojirudia mwaka hadi mwaka. Mkaguzi hulipwa na anayekaguliwa, na hilo linanisumbua sana. Hata hivyo, mfano ninaouheshimu ni wa Kilwa, ambako misitu ya asili ya vijiji ilianza kupata cheti cha FSC mwaka 2009 na wanavijiji wenyewe ndio wenye misitu hiyo.

Ukiuza Ulaya, cheti pekee hakitoshi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka viwianishi (latitudo na longitudo) vya eneo mbao zilikotoka, na msitu usiwe umefyekwa au kuharibiwa baada ya 31 Desemba 2020. 

Karakana yangu haina COC. Shule ikiagiza madawati, naipa nakala ya TP na jina la niliyenunua kwake. Neno FSC kwenye ankara yangu siliandiki, hata kama mbao zilikuja nalo.