Jinsi ya kumlisha mbuzi msimu wa korosho bila kumuua tumbo

Wafugaji wenzangu wa Mtwara na Lindi, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka tu simu zinaanza, mbuzi kavimba, mbuzi hali, mbuzi anaharisha maji, ukiuliza kala nini unaambiwa alikuwa mikoroshoni. Naombeni tuelekezane taratibu maana wanakufa bure.

Hatua ya 1, jua unamlisha nani. Mbuzi mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzi za majani, wanaofanya hio kazi ni bakteria waliojaa kwenye tumbo lake kubwa la kwanza, wao ndo wanachachusha majani na kutoa tindikali ambazo ukuta wa tumbo unazinyonya, na humo ndo anapata nguvu zake nyingi, kama asilimia 70 hivi. Alafu bakteria wenyewe wanasukumwa mbele mpaka tumbo la nne, wanameng'enywa na wao, wanakuwa protini yake. Kwahiyo kila unachotupa bandani jiulize kwanza bakteria watakipokeaje.

Hatua ya 2, msikilize kwa ngumi. Simama ubavu wake wa kushoto, tafuta lile bonde lililopo kati ya mbavu ya mwisho na nyonga, kandamiza ngumi kidogo na utulie dakika nzima. Utasikia tumbo linajikunja na kuisukuma ngumi yako, mara moja au mbili kwa dakika. Fanya hivi akiwa mzima ili mkono uzoee. Siku ukikuta kimya, au upande huo umekaza kama ngoma, usimpe kitu kingine chochote, mwite mtaalam wa mifugo siku hiohio.

Hatua ya 3, majani kwanza asubuhi. Majani yenye nyuzi yanamfanya acheue, akicheua anatoa mate mengi, na mate yake yana magadi yanayopoza ule uchachu wa tumboni. Huku kwetu majani na maganda ya mbaazi baada ya kupura ni chakula kizuri sana, inaniuma nikiona watu wanayachoma shambani. Mbuzi wa kilo 30 anataka kama kilo 1 kwa siku ya chakula kikavu, kwa majani mabichi ni kilo 4 mpaka 5 maana humo maji ni mengi.

Hatua ya 4, na hapa ndo penyewe: chakula kipya kiingie polepole, siku 7 mpaka 14. Bibo limejaa sukari. Mbuzi aliyezoea majani akila mabibo mengi kwa mpigo, bakteria wa sukari wanazaliana haraka na kumwaga tindikali, wale wa majani wanakufa, tumbo linasimama, maji yanavutwa kutoka kwenye damu kuingia tumboni, ndo unaona anaharisha huku macho yameingia ndani, na siku moja au mbili tu zinatosha kummaliza. Kwahiyo mfunge au mchunge, usimwache azurure mikoroshoni na njaa. Ashibe majani kwanza, mabibo umpe machache mchana uongeze kidogokidogo. Pumba na mahindi ni vilevile.

Maganda ya muhogo nayo msiyape mabichi, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu ya sayanidi. Katakata, tandaza juani mpaka ukikunja yanavunjika kwa mlio.

Hatua ya 5, nyongeza. Mashudu ya ufuta, yale mabaki baada ya kukamua mafuta, konzi moja moja kwa mbuzi anayenyonyesha, jiwe la chumvi bandani, na maji lita 3 mpaka 5 kwa siku. Najua wa Newala na Tandahimba maji ni shida kule juu, ila bila maji uchachushaji wenyewe unadorora na hamu ya kula inapotea.

Hatua ya 6, watoto. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yenye kinga za magonjwa, anywe saa za mwanzo kabisa, baada ya siku moja utumbo haupitishi tena zile kinga. Kitoto kikinyonya, maziwa yanapita kwenye mfereji wake moja kwa moja mpaka tumbo la nne, lile kubwa bado dogo halina kazi. Kuanzia wiki ya 2 ning'iniza majani laini akidokoe, ndo bakteria wanaingia na tumbo linakua. Kumwachisha ziwa subiri wiki ya 10 mpaka 12, na uwe umeshamwona anacheua na kinyesi chake ni vidonge vikavu.