Nati mpya kwa jiliwa la babu

Karakana yangu iko Mikindani, hatua chache toka majini, na chumvi ya hapa haina huruma na chuma. Jiliwa ninalotumia, yaani kile kibanio cha chuma cha mezani, ni la Kiingereza, nililirithi kwa babu. Alikuwa akisema limetoka Nachingwea, masalia ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliovunjwa mwaka 1951. Kweli au hadithi, taya zake zina afya kuliko zangu.

Kilichokwisha ni nati iliyojificha tumboni, ile ambamo skrubu ya kukazia taya hupita. Unakaza, linauma, ukipiga tupa mara tatu linaachia. Kwanza nilimpelekea mchomeleaji aijaze. Nati ile ilikuwa chuma cha kutupwa, na chuma hicho hakipendi moto wa ghafla: kilipopoa kikapasuka kwa mlio wa korosho motoni. Ikabidi nikereze mpya kwa lethi, mashine ya kukerezea chuma.

Loweka jiliwa kwenye mafuta ya taa siku mbili kabla hujalifungua. Kisha pima skrubu. Usipime thredi (mzunguko wa jino la skrubu) moja, pima kumi kwa pamoja. Zangu kumi zilikuwa milimita 63.5, yaani 6.35 kila moja, ambazo ni thredi 4 kwa inchi. Pimia mwishoni, ambako nati haifiki mara kwa mara. Katikati pamelika, na ukiifuata katikati, nati itakwama ikifika pembeni.

Kwa nati tumia shaba nyeusi (bronzi). Mimi nilipata bushi nene ya shafti ya boti kwa wauza chuma chakavu. Nenda na sumaku na tupa: sumaku isishike, na ukikwangua rangi iwe ya wekundu wa kahawia. Ikiwa ya njano kama bomba la maji, iache. Shaba italika yenyewe na kuiachia skrubu uhai wake.

Skrubu yangu ina unene wa milimita 25.4 na thredi za mraba. Kina cha thredi ni nusu ya ile 6.35, kwa hiyo tundu lilipaswa kuwa 19.05. Nilitoboa 19.3 ili isibane. Kisu cha lethi nacho kina upana wa nusu hiyohiyo; nilikinoa hadi 3.25 kuacha nafasi ya grisi.

Wengi hukosea kwenye mbavu za kisu. Thredi hii imelala kama digrii 5, basi kisu nacho kilalie upande huohuo. Ukikinoa wima, ubavu mmoja utasugua badala ya kukata, lethi italia na shaba itachanika.

Usianze na shaba. Niliomba kipande cha mpingo kwa mchongaji, nikakereza nati ya majaribio. Mpingo ni mgumu, unashika thredi karibu kama chuma, na ukiharibu hujapoteza hela. Nati ya kwanza ilikataa kuingia. Ya pili iliingia hadi mwisho bila kulazimishwa.

Kwenye shaba, kata milimita 0.1 kila mpito, mipito thelathini na kitu. Ukikaribia mwisho, safisha vumbi la shaba na ujaribishie skrubu yenyewe, maana hakuna kipimo bora zaidi. Lethi niliyotumia ina skrubu ndefu, inayovuta kisu, ya thredi 4 kwa inchi pia, kwa hiyo niliweza kuiachia na kuishikisha popote bila kupoteza njia. Kama yako ni ya milimita, usiachie kabisa: rudisha kisu nyuma, kisha geuza mota. Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani, usikivute. Zungusha kichwa cha lethi kinyumenyume kwa mkono mpaka kitoke.

Kilichobaki ni tupa na subira, hadi nati ikae kwenye kiti chake na pini ipite. Paka grisi nyingi, ya kuziba chumvi.

Mjomba alikuja kulijaribu. Akafunga kipande cha nondo, akaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, na nondo isicheze. Akanyoosha mkono: "Haya mwanangu, sasa nirudishie tupa yangu."